Kutoka Durban hadi Tbilisi: Safari ya Kufuata Sauti Zisizo na Ala

Uimbaji wa akapela ni uimbaji wa sauti za watu peke yake, pasipo ngoma, kinanda wala gitaa la kuzisindikiza, na jina hilo la Kiitalia linatokana na desturi ya makanisa madogo ya Ulaya, hasa lile la Sistine huko Vatikani, ambako kwaya ya Papa ilizoea kuimba bila kinanda. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko jina, na imeota mahali pengi ambapo hakuna aliyepata kusikia habari za Vatikani. Safari inayosimuliwa katika kurasa hizi iliufuata uimbaji huo katika nchi tatu: Afrika Kusini, kwenye jimbo la KwaZulu-Natal na jiji la Johannesburg, Italia, kwenye kisiwa cha Sardinia, na Georgia, nchi ya milima iliyo kusini mwa safu ya Kaukasi, kando ya Bahari Nyeusi.

Anayeuliza kwa nini watu huimba bila ala hupewa mara nyingi moja kati ya majibu mawili, kwamba ala hazikuwapo au kwamba dini ilizikataza. Yote mawili yana ukweli wake, kwa kuwa Kanisa la Kiorthodoksi la Georgia halipigi ala ibadani, na Makanisa ya Kristo, ambayo yamefika hata Tanzania na Kenya, huimba tenzi zao kwa koo tupu kwa sababu ya imani. Hata hivyo Wazulu wana gitaa la maskandi, muziki wa mpigaji anayesimulia maisha yake kwa nyuzi na majigambo. Wasardinia wana launeddas, zumari ya matete yenye mirija mitatu inayopulizwa kwa pamoja bila kukata pumzi. Na Wageorgia wana panduri, ala ya nyuzi tatu inayopatikana katika nyumba nyingi za vijijini. Watu hawa wanazo ala, wanazipenda na wanazipiga vizuri, kisha katika saa wanazoziona kuwa nzito kuliko nyingine wanaziweka kando. Msimamo wa masimulizi haya ni kwamba sauti tupu huwavuta watu kwa sababu hakuna mwimbaji anayeweza kuikamilisha peke yake: kile ambacho mwimbaji na msikilizaji wanakitafuta kimo katikati ya sauti, hakimo kooni mwa yeyote.

Durban ni bandari, na mtu wa Tanga au Mombasa aliyezoea joto lenye chumvi hahitaji muda mrefu kuizoea. Katika Mtaa wa Beatrice, ambao siku hizi unaitwa Charlotte Maxeke, lipo jumba la YMCA lililokuwa kwa miongo mingi ukumbi wa mashindano ya isicathamiya. Isicathamiya ni uimbaji wa vikundi vya wanaume wa Kizulu, na jina lake limetokana na kitenzi chenye maana ya kunyata. Kiongozi huimba sauti ya kwanza, mtu mmoja au wawili hushika sauti ya pili na ya tatu, na wote waliobaki, ambao mara nyingi ni zaidi ya nusu ya kikundi, ni besi. Mgawanyo huu ni kinyume kabisa cha ule wa kwaya nyingi za usharika nchini Tanzania, ambako mwalimu wa kwaya huwa na soprano wa kutosha na kuhangaika kutafuta besi wawili watatu wa kuaminika. Wingi wa besi hufanya sauti ya chini iwe nene na laini kwa pamoja, kwa maana hakuna besi anayelazimika kukaza koo ili asikike, na mmoja anapovuta pumzi wenzake huwa wameshikilia, hivyo msikilizaji haoni mahali ambapo sauti imekatika.

Mashindano hufanyika Jumamosi usiku na huendelea mpaka alfajiri ya Jumapili. Saa za kwanza ni za mazoezi na salamu, na vikundi hujipanga kwenye kumbi za pembeni na kwenye ngazi, kila kimoja kikijaribu kutosikia jirani yake. Usiku wa manane ndipo shindano lenyewe huanza. Kikundi huingia kikiimba tangu mlangoni, kwa hatua fupi za pamoja, suti zikiwa za rangi moja, viatu vimeng'arishwa na mara nyingi mikono ikiwa ndani ya glavu nyeupe. Hakuna filimbi ya kutolea sauti wala mtu wa kuhesabu mapigo. Kiongozi hutaja neno la kwanza la wimbo kwa sauti aliyoichagua mwenyewe, na besi humwitikia papo hapo, kila mtu akiwa amekwisha kujua atue wapi kwa kulisikia neno hilo moja. Anayesimama karibu na jukwaa huona kwamba waimbaji hawamtazami kiongozi isipokuwa kwa nadra: macho yako mbele, vichwa vimeinama kidogo kuelekea kwa jirani, na kazi yote inafanywa na masikio.

Miguu nayo ina elimu yake. Katika ingoma, uchezaji wa vijana wa Kizulu, mguu hurushwa juu na kushushwa kwa kishindo kinachotikisa ardhi. Katika isicathamiya mguu huinuliwa vilevile, kisha hutua taratibu kwa ncha ya kiatu, kana kwamba kishindo kimekatazwa. Wanavikundi husimulia kwamba wazee wao walijifunza kunyata hivyo ili wasiwaamshe walinzi wa kambi za migodi. Iwe hiyo ni historia kamili au ni sehemu yake tu, matokeo yake katika muziki ni dhahiri, kwani mguu unaotua kimya humwachia besi nafasi yote ya kusikika.

Jambo linalomshangaza mgeni zaidi ni mwamuzi. Kwa desturi ya zamani mwamuzi alikuwa mtu asiyehusika kwa lolote, na mara nyingi alikuwa Mzungu asiyejua Kizulu, aliyeombwa usiku uleule huko mitaani aje kuketi na kutoa hukumu, kwa hoja kwamba mtu wa namna hiyo hana ukoo, wilaya wala rafiki wa kumpendelea. Katika nchi ambamo Mzungu aliamua mahali pa kuishi, pa kufanyia kazi na pa kuzikwa kwa Mwafrika, desturi hiyo haiwezi kutazamwa bila maumivu. Lakini pia inaonyesha jinsi vikundi hivi vilivyouthamini upatanifu wa sauti, hata vikakubali kupimwa na sikio lisiloelewa neno hata moja. Mshindi wa zamani aliondoka na mbuzi, na miaka ya baadaye zawadi ikawa fedha. Usiku huohuo hufanyika pia shindano la mavazi, ambalo washiriki wake huitwa oswenka, na ndani yake kila mwanamume hupita akionyesha mkunjo wa suruali, bitana ya koti, hata rangi ya soksi.

Chimbuko la uimbaji huu halipo mahali pamoja. Mwaka 1871 wanafunzi wa chuo cha Fisk mjini Nashville, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla ya hapo, walianza kuzunguka Marekani wakiimba nyimbo za kiroho za watumwa kwa mpangilio wa sauti nne ili kukiokoa chuo chao kisifilisike. Mtindo wao ulizaa vikundi vingine, na mwezi Juni 1890 Orpheus McAdoo, Mmarekani mweusi aliyesomea chuo cha Hampton katika jimbo la Virginia, alifika Cape Town na kundi lake lililojulikana kama Virginia Jubilee Singers. Waafrika waliowasikia walikutana na kitu cha kuwapa moyo: watu weusi, waliosoma na kuvaa kwa heshima, ambao walisimama jukwaani na kuushika ukumbi mzima kwa sauti zao. Ushawishi huo uliingia mahali palipokwisha kulimwa na shule za misheni, ambako tenzi zilifundishwa kwa tonik solfa, yaani maandishi ya muziki yanayotumia silabi za do, re, mi badala ya nukta kwenye mistari, na chini ya vyote hivyo zilikuwapo nyimbo za harusi za Kizulu, ambamo ukoo wa bwana na ukoo wa bibi hujibizana kwa zamu.

Kilichoviunganisha vyote ni kazi ya vibarua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwabana Waafrika katika sehemu ndogo ya nchi yao, kodi zikawasukuma wanaume kutafuta mshahara, na migodi ya makaa ya mawe ya Dundee na Newcastle, bandari ya Durban na machimbo ya dhahabu ya Johannesburg yakawapokea bila kuwapokea wake wala watoto wao. Waliishi katika mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya wanaume peke yao. Vikundi vya uimbaji vilianzishwa humo kwa kufuata wilaya na koo, watu wa kijiji kimoja wakiimba pamoja, na kujiunga na kikundi kulikuwa ni kupata ndugu mahali ambapo mtu alijulikana kwa namba ya kitabu cha kazi.

Msafiri aliyelelewa katika kwaya za Tanzania hawezi kuyasikia haya kama habari za ugenini. Solfa ileile ililetwa na wamisionari Afrika Mashariki, na mpaka leo wapo walimu wa kwaya wanaoiandika ubaoni kwa herufi, nukta na vistari na kuigawa kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Wanaume wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika walikwenda kwenye machimbo hayohayo ya Johannesburg kupitia shirika la kuajiri wafanyakazi ambalo wenyeji walilijua kwa jina la Wenela. Zaidi ya hapo, wimbo wa taifa wa Tanzania umetoka moja kwa moja katika uwanja huu, kwa kuwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake, na Tanganyika iliichukua tuni hiyo ilipopata uhuru mwaka 1961. Mtoto wa shule ya msingi anayeuimba wimbo huo asubuhi mstarini, bila ala yoyote, na wenzake wa nyuma wakijitafutia sauti ya pili bila kufundishwa, anaimba kazi ya mwalimu wa kwaya, na anaiimba katika hali inayokaribiana sana na ile iliyokusudiwa na mtunzi.

Kaskazini mwa Durban barabara huacha mashamba ya miwa na kupanda kuelekea Msinga, nchi ya mabonde makavu ya mto Thukela na vijito vyake, na karibu na mji mdogo wa Pomeroy ndiko alikozaliwa Solomon Linda mwaka 1909. Alichunga ng'ombe, akasoma katika shule ya misheni, kisha akaenda Johannesburg kutafuta kazi kama vijana wengine. Kikundi chake, The Evening Birds, kilikuwa na watu sita, yeye akiwa soprano, mmoja alto, mmoja teno, na watatu besi, na mpangilio huo wa besi wengi ndio uliokuja kuwa kanuni kwa waliomfuata. Mwaka 1939, katika studio ya kampuni ya Gallo, walirekodi wimbo uitwao Mbube, ambalo ni jina la Kizulu la simba. Besi zilirudia maneno machache bila kuchoka, na juu yake Linda aliimba kwa sauti kali ya juu isiyo na maneno, akibuni hapohapo. Karibu na mwisho wa santuri alipita kwenye noti chache ambazo zimekuja kuimbwa na mamilioni ya watu duniani kote.

Inafaa kusemwa wazi kwamba santuri hiyo haikuwa akapela kamili, kwa sababu wazalishaji waliweka ala chache nyuma ya sauti. Ala hizo zinasikika kwa mbali, na hakuna anayezikumbuka. Iliuzwa sana Afrika Kusini katika miaka ya 1940, hata jina la wimbo likawa jina la mtindo mzima, kisha ikavuka bahari: kikundi cha The Weavers cha Marekani kiliuimba wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1950, The Tokens wakautoa upya mwaka 1961 wakiwa wameongeza maneno ya Kiingereza juu ya noti zilezile za Linda, na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya The Lion King. Linda mwenyewe alikwisha kuuza haki zake mwaka 1952 kwa kiasi kinachotajwa kuwa shilingi 10, akafanya kazi ya kufungasha santuri katika kampuni iliyomrekodi, na alipofariki mwaka 1962 familia haikuwa na fedha za jiwe la kaburi. Wanawe wa kike walipata nafuu kutokana na kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni, kilichorudisha haki za mtunzi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004 na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Fedheha ya miaka hiyo yote haifutiki kwa mapatano. Tena wimbo huu ulihitaji koo sita, na sheria iliyokuja kuwatetea warithi wa mtu mmoja haikuwa na nafasi ya besi watatu ambao bila wao noti za Linda zisingekuwa na pa kusimama.

Ladysmith, mji ulio chini ya milima ya Drakensberg, hauhitaji maelezo marefu, kwa maana Joseph Shabalala amekwisha kuutangaza kuliko msafiri yeyote. Kijana huyo wa shambani aliyeanzisha kikundi chake mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliona kwamba waimbaji wa wakati wake walikuwa wakishindana kwa kupayuka, akataka kurudisha ulaini. Alieleza kwamba sauti aliyoitafuta ilimjia ndotoni mwaka 1964, naye akaifundisha kikundi chake mpaka ikapatikana. Waimbaji wake, Ladysmith Black Mambazo, walipata kusikika kupitia Redio ya Kizulu, wakatoa albamu yao ya kwanza, Amabutho, mwaka 1973, na mwaka 1986 wakashiriki katika albamu ya Graceland ya Paul Simon, iliyozua mabishano makali kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya ubaguzi. Waliobishana walikuwa na hoja za kweli pande zote mbili. Kwa upande wa muziki, hata hivyo, ulimwengu ulisikia wanaume wakiimba kwa sauti ya chini kuliko sauti ya mazungumzo, bila ala, katikati ya muongo uliojaa vinanda vya umeme, na ukanyamaza kusikiliza. Shabalala alifariki tarehe 11 Februari 2020, na wanawe wanaendelea kuimba katika kikundi hicho.

Anayeruka kutoka Durban kuelekea Ulaya huzipita juu kwa juu nchi zenye hazina ambayo safari hii haikuweza kuikagua kwa karibu. Wamaasai wa Kenya na Tanzania huimba bila ngoma, kiongozi wao aitwaye olaranyani akitupa mstari wa wimbo juu ya kishindo cha pumzi za wenzake, na pumzi hizo ndizo ngoma yenyewe. Katika msitu wa Ituri, huko Kongo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na barabara, Wambuti hugawana wimbo mmoja noti kwa noti, huyu akiweka sauti pale mwenzake alipoacha nafasi, kiasi kwamba wimbo uko wazi kabisa kwa anayesikiliza ilhali hakuna anayeuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Castelsardo ni mji wa pwani ya kaskazini ya Sardinia uliojengwa juu ya mwamba, nyumba zikiwa zimebanana kuizunguka ngome, na katika Jumatatu ya Juma Takatifu, siku ambayo wenyeji huiita Lunissanti, chama cha walei cha Msalaba Mtakatifu huongoza maandamano yanayoanza kabla ya mapambazuko na kumalizika usiku. Ndani ya maandamano hayo kuna kwaya tatu za wanaume wannewanne. Kila mwimbaji ana sauti yake, kuanzia ile nzito iitwayo bassu hadi ile nyembamba ya juu iitwayo falzittu, na wanapoimba husogeleana mpaka mabega yanagusana, nyuso zikiwa karibu sana, vinywa vikielekea katikati ya duara. Husogeleana hivyo kwa sababu ya jambo moja, nalo linahitaji kuelezwa kwa utaratibu.

Sauti yoyote ya mtu, hata akiimba noti moja, ni mkusanyiko wa mitetemo mingi: chini kabisa ipo ile inayotambulika kama noti yenyewe, na juu yake ipo mingine yenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, ambayo sikio huipokea kama rangi ya sauti. Noti mbili hupatana zaidi pale mitetemo yao inapokuwa katika uwiano wa namba ndogo. Ikiwa do ina mitetemo 400 kwa sekunde, mi iliyopatana nayo kikamilifu ina 500 na so ina 600. Piano ya kisasa, kwa kuwa ni lazima itumike katika funguo zote bila kupangwa upya, imegawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa, na matokeo yake ni kwamba mi yake inaangukia kwenye takriban 504. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayoleta mtikisiko mwembamba ambao masikio ya watu wa leo yameuzoea mpaka hayautambui tena. Waimbaji wasio na kinanda hawafungwi na 504. Wakisikilizana vizuri huteleza wenyewe hadi 500, mtikisiko huisha, na mitetemo ya juu ya sauti zote hukutana mahali pamoja na kutiana nguvu.

Watu wa Castelsardo wameifanya elimu hiyo kuwa lengo la ibada. Sauti nne zinapopatana kikamilifu, na vokali za wote zinapofanana, hutokea juu yao sauti ya tano, nyembamba na angavu kama ya mwanamke, ambayo hakuna anayeiimba. Huitwa quintina, na wenyeji huihesabu kuwa sauti ya Bikira Maria. Bernard Lortat-Jacob, mtaalamu wa muziki kutoka Ufaransa aliyefanya utafiti wa miaka mingi mjini humo, ameonyesha kwamba inaweza kupimwa kwa mitambo, kwa kuwa ni mitetemo ya juu ya sauti nne iliyoungana hata sikio likaipokea kama sauti moja iliyo kamili. Waimbaji wanazungumza habari zake kwa tahadhari, kwani quintina haiji kwa kulazimishwa, na wote husema kwamba watu wenye kinyongo baina yao hawaipati hata wakiwa na sauti nzuri namna gani. Kauli hiyo ina msingi wa kiufundi, maana asiyetaka kumsikiliza mwenzake hawezi kurekebisha vokali yake ifanane na ya mwenzake. Msafiri aliyesimama hatua chache kutoka kwenye duara aliisikia ikitokea juu ya silabi ndefu, ikakaa kwa muda wa pumzi moja, ikapotea mara bassu ilipobadili noti.

Georgia ilikuwa kituo cha mwisho. Nchi hiyo, yenye watu chini ya milioni nne, ina mitindo mingi ya uimbaji wa sauti tatu, na mwaka 2001 UNESCO iliutangaza uimbaji huo kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu. Mashariki, katika Kakheti ya mizabibu, besi hushikilia noti moja ndefu na sauti mbili za juu hupokezana mapambo juu yake. Wimbo mmoja wa mkoa huo, Chakrulo, ulipakiwa mwaka 1977 katika chombo cha anga cha Voyager. Magharibi, katika Guria, kila sauti hushika njia yake, na ile ya juu kabisa, krimanchuli, hurukaruka kati ya koo na kichwa kwa kasi inayowashinda wengi. Nyimbo nyingi huimbwa mezani, katika karamu iitwayo supra, chini ya msemaji mkuu aitwaye tamada, ambaye hutoa maneno ya heshima kwa waliokufa, kwa watoto na kwa wageni kabla ya kila bilauri ya divai. Tamada akimaliza, mtu mmoja huanzisha, wa pili huingia, na meza nzima hushika besi.

Tenzi za kanisa zilikuwa na historia ngumu zaidi. Baada ya jeshi la Kisovyeti kuitwaa nchi mwaka 1921, makanisa mengi yalifungwa na mabingwa wa tenzi, waliokuwa wakikariri mamia ya nyimbo katika sauti zote tatu, walikufa bila wanafunzi. Kufikia mwaka 1966 Artem Erkomaishvili wa Guria, mwenye umri unaokaribia miaka 80, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa mwisho kabisa, na hakuwa na wenzake wawili wa kuimba naye. Katika Chuo cha Muziki cha Tbilisi aliimba sauti ya kwanza ya kila utenzi ikarekodiwa kwenye kanda. Kanda ikapigwa, naye akaimba sauti ya pili huku akiisikiliza ya kwanza. Kisha zote mbili zikapigwa, naye akaongeza besi. Kwa njia hiyo ziliokolewa tenzi zaidi ya 100. Alifariki mwaka uliofuata.

Mjukuu wake, Anzor Erkomaishvili, alianzisha kikundi cha Rustavi mwaka 1968 na kutumia maisha yake kutafuta santuri na hati za nyimbo zilizotawanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1980, utawala wa Kisovyeti ulipolegea, vijana waliokusanyika katika kanisa la Anchiskhati mjini Tbilisi, jengo la karne ya 6, walianza kuzirudisha tenzi hizo ibadani wakitumia hati za kale na kanda kama zile za mzee Artem. Msafiri aliyehudhuria ibada ya Jumapili kanisani humo aliwakuta waimbaji wamesimama pembeni, wakiimba kwa koo kavu bila madoido, na sauti tatu alizoimba mzee mmoja peke yake kwenye kanda sasa zimegawanywa tena kwa watu mbalimbali. Baada ya ibada mjadala ulikuwa juu ya sauti ya kati. Vipimo vya kanda vinaonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Artem hailingani na ya piano, na wataalamu wa Georgia na wa nje hawajakubaliana iwapo nafasi zile ni kanuni ya zamani inayopaswa kufuatwa noti kwa noti, au ni mzee aliyekuwa akijirekebisha kufuata sauti yake mwenyewe iliyotoka kwenye mashine. Wapo wanaoiga nafasi zake jinsi zilivyo, na wapo wanaoona kwamba angalikuwa na wenzake wawili, nao wakisogea kumfuata, zingalitoka tofauti.